Kabla Hujakemea, Uliza

Somo: 1 Wafalme 19:1-18. Soma pia Mathayo 4:24 na Isaya 38:21.

 

Kwa wale ambao hamkuwa nasi Jumapili, huu ndio ujumbe niliohubiri, na nimeuandika karibu vile nilivyousema. Kwa wale mliokuwa, someni tena polepole. Nilipofika katikati ya mahubiri wengi mlinyamaza ghafla, nami nakijua kimya cha kanisa letu. Hicho hakikuwa kimya cha kusinzia. Kilikuwa kimya cha watu walioguswa mahali panapouma.

Nataka kuanza na toba yangu mwenyewe. Mchungaji anayewaita watu watubu na yeye aanzie nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaletwa kuchunga kanisa hili, kulikuwa na mama mmoja katika kanisa nililokuwa nikihudumu. Alikuwa na kibanda cha mitumba sokoni, na katika kwaya yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akiinua sauti, hata wale waliokaa karibu na mlango walisimama. Nasimulia habari zake kwa ruhusa yake. Nilimpelekea karatasi hii kabla haijachapishwa, akaisoma, akafuta mistari miwili, akaniambia, "Hii ingine iache, Pasta. Itasaidia mtu."

Mama huyo alikuja ofisini kwangu mara tatu.

Mara ya kwanza aliniambia, "Pasta, kichwa kinaniuma, na usiku silali. Nikifika saa tisa macho yako wazi, basi, ni kungoja tu kupambazuke." Nikamwekea mkono, nikaomba kwa nguvu. Swali sikuuliza hata moja.

Mara ya pili zilikuwa zimepita kama wiki tatu. Akasema, "Nimechoka, Pasta. Hata kuimba sisikii. Chakula nakiangalia tu." Nikamwambia afunge siku tatu aivunje hiyo roho ya uzito. Sikilizeni vizuri, kanisa. Mtu ananiambia hali chakula, nami namwambia afunge!

Mara ya tatu alileta sare yake ya kwaya. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Akasema, "Mpe msichana mwingine. Mimi sina maana hapo." Nikapokea ule mfuko, nikauweka kwenye kabati, na moyoni nikasema, huyu anarudi nyuma. Jumapili iliyofuata nikahubiri juu ya mtu anayeshika jembe kisha anageuka kuangalia alikotoka. Mama alikuwa ameketi mstari wa nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amina.

Siku nne baadaye simu yangu ililia usiku. Alikuwa binti yake wa kwanza, mtoto wa kidato cha tatu. "Pasta, mama anatuaga. Anatuambia tushikane, tusigombane. Tafadhali njoo."

Tulimfikia kwa wakati. Namshukuru Mungu kwa ajili ya yule msichana, maana yeye alisikia kitu ambacho mchungaji wake hakukisikia mara tatu.

MASWALI TISA

Asubuhi tulikuwa hospitalini. Daktari alikuwa kijana, mtu wa sauti ya chini. Mama akaomba nibaki naye chumbani. Daktari akatoa karatasi moja tu, yenye maswali tisa. Karatasi ile inatumika katika nchi nyingi, na kwa Kiswahili ipo. Akamwambia, "Mama, nitakuuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kwa kila jambo, niambie kama halikutokea kabisa, ama lilitokea siku kadhaa, ama zaidi ya nusu ya siku hizo, ama karibu kila siku."

Chukua kalamu, ndugu yangu. Andika, dada yangu.

La kwanza: je, umekuwa ukikosa hamu ama furaha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda? Mama akasema karibu kila siku. Alikuwa ameniambia: hata kuimba sisikii.

La pili: je, umekuwa na huzuni, moyo mzito, ama kukosa tumaini?

La tatu: usingizi. Ni mgumu kuja, ama unakatika usiku, ama unalala kupita kiasi? Alikuwa ameniambia: saa tisa macho yako wazi.

La nne: uchovu, mwili hauna nguvu hata kama hujafanya kazi. Alikuwa ameniambia.

La tano: hamu ya chakula. Imepotea, ama unakula kupita kawaida yako? Alikuwa ameniambia, nami nikamwongezea mfungo.

La sita: je, unajiona mtu asiyefaa, aliyeshindwa, aliyewaangusha watu wa nyumbani? Ile sare ndani ya mfuko ilikuwa jibu la swali hili.

La saba: je, unashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, kama kusoma ama kusikiliza redio? Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akikosea chenji sokoni, na kwamba alikuwa akifungua Biblia akisoma mstari mmoja mara tano bila kuingia.

La nane: je, watu wameona unatembea ama unaongea polepole kuliko kawaida, ama kinyume chake, hutulii, unahangaika huku na huku?

La tisa, na daktari alilisema bila kupepesa macho: je, umekuwa na mawazo kwamba ingekuwa heri ufe, ama ujidhuru kwa njia yoyote?

Mama akalia. Kisha akasema, "Hakuna mtu ameniuliza hilo."

Wapendwa, nilikuwa nimeketi pale na Biblia yangu kwenye magoti. Karibu kila jibu alilompa daktari, nilikuwa nimeshapewa mimi kwanza, ofisini kwangu, nikiwa macho na mwenye akili timamu. Daktari hakufanya muujiza. Aliuliza, akanyamaza, akasikiliza.

NI UGONJWA, NA UNA JINA

Vitabu vinauita sonona, wengine husema unyogovu, na vijana wetu wanasema depresheni. Wazee wetu hawakuwa na jina moja, lakini waliujua: wakasema mtu fulani anafikiria sana, roho yake imekuwa nzito. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 wanaishi nao ulimwenguni. Sasa wewe ukikaa nyuma hapo ukidhani ni wewe peke yako, hapana.

Msichanganye ugonjwa huu na siku mbaya. Kila mtu ana siku mbaya. Karo haijalipwa, mvua imekatalia njiani, mwenye nyumba amepiga simu. Hiyo ni dunia. Na msichanganye na msiba. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, na hakuna aliyemkemea. Mtu aliyefiwa analia, lakini ukimkumbusha vituko vya marehemu unaweza kumwona anacheka huku machozi yakitoka. Huzuni yake huja kama mawimbi, ikampa nafasi ya kupumua. Sonona haimpi nafasi. Inakausha kicheko, na wakati mwingine inakausha hata machozi.

Daktari alinieleza kipimo wanachotumia. Dalili zinatakiwa kuwa angalau tano kati ya zile tisa, na mojawapo iwe ile ya kwanza ama ya pili: kukosa hamu, ama huzuni. Ziwepo karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili. Na ziwe zimeharibu maisha ya mtu: kazi, nyumba, masomo, ushirika. Ile karatasi ina alama pia. Kila swali lina sifuri mpaka tatu, na jumla ni 27. Mtu akifika 10 kwenda juu, hapo anafaa kuangaliwa kwa karibu. Na lile swali la tisa halingoji jumla. Mtu akikubali hata kidogo, daktari husimama papo hapo na kuuliza zaidi.

Lakini sikiza. Karatasi peke yake si daktari. Ndiyo maana sikuichapisha hapa ujipe alama nyumbani, ujihukumu. Hakuna mashine inayopiga picha ya sonona, na hakuna kipimo cha damu kinachosema, hii hapa. Kwa hiyo daktari alifanya kazi zaidi. Alimtoa mama damu aangalie upungufu wa damu, na aangalie tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, kwa sababu ikilegea kazi yake mtu huchoka, huwa mzito, hukosa raha, na unaweza kudhani ni sonona. Aliuliza dawa anazotumia. Aliuliza kuhusu pombe. Aliuliza kama katika ukoo kuna mwingine aliyewahi kuugua hivi. Na akauliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: je, kuna wakati ulikaa siku nyingi kinyume kabisa na hivi, hulali lakini huchoki, unaongea mbio, unatumia pesa bila hesabu, unajiona unaweza kila kitu? Maana kuna ugonjwa mwingine ambao hupanda hivyo na kushuka, na matibabu yake ni tofauti. Mwenye ugonjwa huo akipewa dawa ya sonona peke yake, anaweza kuzidi.

Mnaona? Kupima ugonjwa huu ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kazi yetu kama kanisa ni kuona dalili mapema, na kumfikisha.

MUNGU ALIANZA WAPI NA ELIYA?

Tuingie kwenye somo letu. Eliya ametoka mlima Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Sura ya kumi na nane ni ushindi mtupu. Ukigeuza ukurasa, mtu yule yule yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu amtoe roho.

Sisemi nabii alikuwa na sonona. Hakuna daktari aliyempima, na mimi sitampima kutoka hapa madhabahuni. Lakini angalieni yaliyomo. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaenda peke yake: amejitenga. Anajiona si bora kuliko baba zake: amejishusha. Analala, anaamshwa, anakula, analala tena: mwili umekwisha. Baadaye anamwambia Mungu kwamba amebaki peke yake: mawazo yanamdanganya. Na anataka kufa. Huyu ni mtu wa Mungu aliyeshusha moto juzi tu!

Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ukiwa na Roho Mtakatifu huwezi kufika chini ya mretemu. Mwambie jirani yako: hata Eliya alifika.

Sasa fuateni utaratibu wa Mungu, maana hapa ndipo nilipokosea mimi. Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamwambia ale, kwa maana safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Mbinguni walikubali kwamba mtu huyu hana nguvu. Hawakumwambia ajikaze.

Baada ya hapo, akiwa amefika Horebu, Mungu akamuuliza swali. Alimuuliza, akamwacha aseme. Eliya akasema yote. Mungu akamuuliza tena swali lile lile, naye akarudia maneno yale yale, na hakukatizwa. Ndipo mwisho kabisa Mungu akamrekebisha wazo lake, kwamba wako watu elfu saba waliobaki waaminifu. Na akampa mwenzake, Elisha, wa kutembea naye.

Usingizi. Mguso. Chakula na maji. Swali. Kusikiliza. Kisha ukweli. Kisha mtu wa kwenda naye.

Mimi na yule mama nilianza mwisho. Nilianza na kumrekebisha. Chakula nilimnyima kabisa.

"LAKINI PASTA, JE, KAMA NI PEPO?"

Najua swali hili liko hapa ndani, na sitalikwepa. Sisi ni kanisa la Kipentekoste. Tunaamini kuna vita vya rohoni, na tumeona watu wakifunguliwa kwa jina la Yesu. Hilo halijabadilika.

Lakini someni Mathayo 4:24. Mathayo anaandika watu walioletwa kwa Yesu, na hawaweki kwenye gunia moja. Anawataja wenye magonjwa na mateso, anawataja wenye pepo, anawataja wenye kifafa, anawataja waliopooza. Kila kundi na jina lake. Ikiwa mwandishi wa Injili alijua kutofautisha, sisi tumepata wapi ruhusa ya kuita kila giza pepo? Na Yesu aliwaponya wote. Hakuna hata mmoja aliyeonekana hafai kuletwa kwa sababu ya aina ya shida yake.

Mtu mgonjwa ukimkemea kama pepo, nawe ukamaliza, naye bado ni mgonjwa, unajua anaenda nyumbani na nini? Anaenda na ugonjwa wake, na juu yake ameongezewa aibu. Anasema, hata maombi yamenishinda, basi mimi ndiye mbovu. Umemwongezea ile dalili ya sita.

Na dawa je? Mfalme Hezekia aliugua akawa karibu kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu, akamwongezea miaka kumi na mitano. Ombi limeshajibiwa! Lakini bado Isaya akasema wachukue mkate wa tini waubandike juu ya jipu. Ombi na tini, katika sura moja, na nabii yule yule. Hakuna mahali Isaya alimwambia mfalme kwamba kubandika tini ni kukosa imani.

WANAOJIFICHA KATIKATI YETU

Si kila mgonjwa atakuja analia. Wengi huja na mwili: kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unaenda mbio, tumbo linachoma, na kila wakipimwa hakuna kinachoonekana.

Wazee na vijana wa kiume, nasema na nyinyi. Kwetu mwanamume amefundishwa asilie. Basi huzuni yake inatafuta mlango mwingine. Anakuwa mkali bila sababu. Anachelewa kurudi nyumbani. Anaanza chupa, ama kubeti, ama anaendesha pikipiki kama mtu asiyejali kufika. Mke anasema, mume wangu ameharibika. Inawezekana ameharibika. Inawezekana pia anaugua. Muulize.

Mama aliyejifungua: machozi ya siku chache za kwanza ni ya kawaida kwa wengi, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, ama akisema haoni kitu chochote akimwangalia mtoto, ama anaogopa atamdhuru, mpeleke kliniki. Asiambiwe kwamba hana shukrani.

Kijana wa shule: mara nyingi kwake ni hasira na kujifungia chumbani, alama zinashuka, marafiki hawataki tena. Na babu ama nyanya anayesahausahau na kukataa chakula, msiseme ni uzee tu.

Na watumishi wenzangu mnaosoma karatasi hii, nanyi pia. Aliyekuwa chini ya mretemu alikuwa nabii.

TUTAFANYA NINI?

Mimi na wazee wa kanisa tumekaa na wauguzi wawili walio washirika wetu, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kwanza, mtu akija kuombewa kwa ajili ya usingizi, uchovu, ama kukata tamaa, ataulizwa kabla ya kuombewa: hali hii imeanza lini? Bado unafurahia ulivyokuwa unavyovifurahia? Unakula? Kisha tutaomba, na tutaomba kwa imani yote.

Pili, hakuna mtu asiyekula atakayeambiwa afunge.

Tatu, hakuna mtu atakayeambiwa kutoka madhabahuni aache dawa za hospitali. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama zile za kichwa, ukameza ukapoa. Huchukua wiki kadhaa, na kuziacha ghafla kunaweza kumletea mtu shida. Anayezianzisha na kuzisimamisha ni daktari. Tena si kila mgonjwa anahitaji dawa. Wengine husaidiwa na mazungumzo na mshauri aliyefundishwa, wiki baada ya wiki, na wengine huhitaji vyote viwili.

Nne, hakuna atakayeambiwa "nenda hospitali" akaachwa aende peke yake. Mtu asiye na nguvu ya kuoga hana nguvu ya kupanga foleni. Tutampa mtu wa kupanda naye matatu, wa kuketi naye, wa kukumbuka siku ya kurudi.

Tano, tutauliza lile swali la tisa. Najua mnaogopa. Mnadhani ukimuuliza mtu kama anawaza kufa utampandia wazo. Sivyo. Wataalamu wameliangalia jambo hili, na kuuliza kwa upole hakumpandii mtu wazo hilo. Kunamfungulia mlango. Mkumbuke yule mama: hakuna mtu ameniuliza hilo. Akikujibu ndiyo, usishtuke, usimhubirie, usimwache peke yake. Viweke mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mwite mtu mwingine, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Namba ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu hapa Kenya ni 1199. Iandike mahali utakapoiona.

Na angalia pia anayeanza kugawa vitu vyake vya thamani bila sababu, ama anayeaga watu. Mimi nilipokea sare nikaiweka kabatini.

Wengine huogopa kwenda hospitali kwa sababu ya polisi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ikiwa jaji ameona kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji msaada na si jela, kanisa lisibaki nyuma ya mahakama kwa huruma.

YULE MAMA

Mtaniuliza, mwisho wake ulikuwaje? Nitawaambia bila kuongeza chumvi. Alianza dawa, na kinywa kikawa kinamkauka. Wiki ya tatu aliniambia hajaona tofauti yoyote, na nikaogopa. Akina mama walikuwa wakimletea chakula kwa zamu, na walikuwa wakiketi naye bila kumhubiria. Mshauri alimwona kila wiki. Kama wiki ya sita binti yake alinipigia tena simu, moyo ukaruka. Akasema, "Pasta, leo mama amegombana na mteja kuhusu bei." Tulicheka wote wawili mpaka tukalia.

Nilimrudishia sare yake, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Alinisamehe. Siku hizi anaimba, ila anasimama nyuma, hataki tena kuanzisha nyimbo, na kuna miezi ambayo hali hurudi kidogo naye hurudi kliniki. Hakuna aliyemlazimisha kuja mbele.

Nilipompelekea karatasi hii nilimuuliza anataka niwaambie nini. Akafikiri kidogo. Akasema, "Waambie sikuwa nimemwacha Yesu. Nilikuwa mgonjwa."

Basi nimewaambia.

Tuombe. Baba, tusamehe pale tulipokemea bila kuuliza. Tusamehe pale tuliposikia mara tatu na hatukusikia. Mguse leo yule aliye chini ya mretemu wake, na kama huyo malaika utakayemtuma ni mimi, nipe mkate mkononi kabla ya neno kinywani. Wape hekima madaktari na washauri wetu. Na yule anayesoma haya saa tisa za usiku macho yakiwa wazi, mpe nguvu ya kumwambia mtu mmoja kesho asubuhi. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani wiki hii:

1. Katika 1 Wafalme 19, Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kumrekebisha? Yataje kwa utaratibu.

2. Ni maneno gani tumezoea kumwambia mtu aliyevunjika moyo ambayo humwongezea aibu? Tutasema nini badala yake?

3. Taja moyoni mtu mmoja ambaye hamu yake ya mambo imepotea siku hizi. Utampigia simu lini?